Soksi za Mkono za Mama Mkwe

Spoku ya baiskeli kubwa, ukiikata kichwa kilichopinda na ule mwisho wa kufungia nati, inabaki na urefu unaotosha kabisa kuwa sindano ya kufumia. Nilikata nne. Ncha zake nilizisugua kwenye jiwe la kunolea mpaka zikawa butu kidogo, kwa sababu ncha kali hupasua uzi, kisha nikazipitishia msasa, na mwishoni kipande cha mshumaa ili ziteleze. Kazi hiyo niliifanya kwenye benchi langu la fundi baiskeli karibu na soko la Mbinga, mwezi wa sita wa mwaka mmoja katika miaka ya tisini. Watu waliokuwa wakisubiri baiskeli zao walidhani natengeneza njiti za mishikaki.

Sababu ilikuwa vidole vya mama mkwe wangu.

Alikuwa mjane aliyevuka miaka sitini, na alikuwa na mibuni yake mwenyewe, mstari mmoja mrefu ukingoni mwa shamba, juu ya mashimo ya ngoro alimopanda maharage na mahindi. Mibuni hiyo aliipanda mwaka aliomzaa mke wangu. Mingine yote ilikuwa ya familia, lakini ule mstari kila mtu aliuita wa mama. Huku milimani Umatengoni kahawa huiva wakati wa baridi, na huchumwa asubuhi, umande ukiwa bado umekaa kwenye majani. Mtu akiingiza mkono mara mbili tatu katikati ya matawi unatoka umelowa na kufa ganzi. Vidole vyake vilikuwa na baridi yabisi. Viungo vilivimba kama mafundo ya muwa, na asubuhi havikukunjika mpaka jua lipande.

Zamani hilo lisingekuwa jambo kubwa. Kahawa yote ilipelekwa chama cha ushirika na kupokelewa kwa pamoja. Lakini soko lilikuwa limefunguliwa, na wanunuzi binafsi walikuja na malori yao mpaka vijijini, wakitia mkono kwenye gunia, wakinusa, wakichagua. Kahawa iliyochumwa mbichi waliijua mara moja, na wakiikataa mbele ya majirani ilikuwa aibu. Kaka mkubwa wa mke wangu, aliyekuwa anasimamia shamba tangu baba yao afariki, aliamua kwamba nyumba yake haitapata aibu hiyo. Jumapili moja baada ya kanisa, tukiwa tumemaliza kula, aliutangaza uamuzi wake.

"Mama, msimu huu utakaa nyumbani. Utatuangalizia kahawa juani."

"Kuku wataiangalia," mama mkwe alijibu.

"Siyo utani, mama. Juzi umechuma nusu kikapu, na robo yake ni mbichi."

"Vidole vilikuwa vimelala."

"Ndiyo nasema. Basi vilale nyumbani."

Dada mdogo wa mke wangu alicheka, kisha akajifunika mdomo. Mama mkwe hakucheka. Aliinua kata ya maji, akanawa taratibu, akasema, "Nipe mpaka mchumo wa tatu. Siku hiyo nisipojaza kikapu changu kabla ya chai ya saa nne, matunda mabivu matupu, nitakaa na hao kuku mwenyewe bila kufukuzwa."

"Umesema mwenyewe, mama."

"Nimesema. Ukitaka niapie Biblia, kailete."

Tukiwa njiani kurudi mjini mke wangu alinieleza kile ambacho mama yake alikuwa amemwambia jikoni: anayekalishwa hachelewi kulazwa. Bibi yao alikalishwa hivyohivyo, kwa upendo, na hakumaliza mwaka. Sijui kama kulikuwa na uhusiano kati ya mambo hayo mawili, lakini mama mkwe alikuwa na uhakika nao, na hilo ndilo lililokuwa na uzito.

Shemeji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekwishamnunulia mama yake glavu za mtumba, nene, za vidole vitano. Alizivaa siku moja tu. Tunda la kahawa halichaguliwi kwa macho tu; unalibonyeza kidogo kwa kidole gumba na cha shahada, na lililoiva hukubali. Kisha unalizungusha ili lidondoke bila kung'oa kikonyo, kwa sababu palepale ndipo ua la mwaka ujao litatokea. Kwa glavu hakuhisi kitu, akavunja vikonyo, akazivua na kuzitundika kwenye mti wa mpakani mwa shamba. Nilipoziona pale nilijua kinachotakiwa: kitu cha kupasha moto kiganja, kifundo cha mkono na vile viungo vilivyovimba, na kuacha ncha za vidole wazi.

Hakuna mtu aliyenifundisha kufuma. Ufundi wa baiskeli pia sikufundishwa; nilifungua baiskeli mbovu, nikaandika katika daftari kila kifaa kilikotoka, nikakirudisha. Niliona kufuma kutakubali njia hiyohiyo.

Jambo la kwanza lilikuwa uzi. Masweta ya mtumba yalikuwa yamejaa sokoni, yamerundikwa kwenye maturubai, na muuzaji hakujali tofauti ya sufu na nailoni. Niligundua kipimo. Unachomoa kiuzi kimoja, unakichoma kwa kiberiti. Cha nailoni huyeyuka na kuganda kama shanga ngumu. Cha sufu hunuka nywele zilizoungua na kuacha majivu. Muuzaji mmoja alinifukuza mara mbili kabla hajazoea. Jambo la pili nililijua kwa hasara: lazima utazame mishono ya ubavuni. Sweta lililokatwa kwa mkasi kama kitambaa, ukilifumua, hukupa vipande vya urefu wa mkono. Lililofumwa kila upande kwa umbo lake hufumuka kwa uzi mmoja kuanzia shingoni hadi kiunoni. La pili nililonunua lilikuwa hivyo. Rangi yake ilikuwa ya majivu. Uzi uliotoka ulikuwa umejikunja kama tambi, nikauosha na kuuanika kwenye kamba, nikiuning'inizia gea ya zamani ya baiskeli chini ili unyooke.

Halafu nikafanya kosa ambalo nadhani mtu wa milimani asingeweza kulifanya.

Mimi ni mtu wa Lituhi, kule ufukweni mwa ziwa. Baba yangu alikuwa mvuvi na fundi wa nyavu, na kabla sijajua kusoma nilijua kufunga jicho la wavu kuzunguka kijiti cha kupimia. Katika wavu kila jicho lina fundo lake. Jicho lisilo na fundo ni tundu, na samaki kama mbasa akipita hapo baba anajua ni nani wa kumwita. Kwa hiyo nilipoitazama soksi ya zamani kwa karibu, nikaona kwamba vitanzi vyake vinashikana tu, kimoja kimepita ndani ya kingine bila fundo hata moja, sikuamini. Nilifikiri kiwanda kimebana uzi kwa mashine, na kwamba kwa mkono kitu hicho kitafumuka siku ya kwanza. Nikaifuma glavu ya kwanza kwa mafundo. Siku tatu. Nilipomaliza, nilikuwa na kimfuko kigumu kisichovutika, na ukikiinua kwenye mwanga unaona upande wa pili.

Mke wangu alikipokea, akakigeuza, akakitia mkono, akautoa.

"Baba watoto, huko kahawani unataka mama akavue nini? Usipa?"

"Ni jaribio la kwanza."

"Ukimpa hiki, kaka atamtuma ziwani kabisa."

Kanisani kulikuwa na wanawake waliofuma masweta kwa sindano mbili; niliwatazama Jumapili mbili, kwa mbali, nikijifanya nasubiri mtu. Kwao nilikubali jambo moja: fundo halihitajiki. Kitanzi hukishika kitanzi, na ndiyo maana sufu hunyooka na kurudi. Lakini wao walifuma kipande bapa kisha wakakishona ubavuni, na mshono ule ungekaa juu ya kiungo kilichovimba. Soksi haikuwa na mshono. Niliifumua soksi ile mzunguko kwa mzunguko, nikihesabu, mpaka nikaelewa kwamba imefumwa kwa kuzunguka kama mtu anayesuka kikapu: vitanzi vimegawanywa kwenye sindano tatu zinazofanya pembetatu, na ya nne ndiyo inayofanya kazi. Ikimaliza upande mmoja, sindano iliyobaki tupu inakuwa ndiyo ya kazi. Ndiyo maana nilikata spoku nne.

Sasa ilibaki saizi ya mkono, na hapo nilikwama.

Mkwe wa kiume hamshiki mkono mama mkwe. Hivyo ndivyo nilivyolelewa ziwani, na nyumba ile ya milimani ilikuwa na adabu hiyohiyo. Nilimsalimia nikiwa nimesimama mbali na nimeinama, "Shikamoo, mama," naye akaitikia, "Marahaba, mkwe," akitazama pembeni. Kwa miaka tisa tulikuwa tumepeana vitu kwa kuviweka chini au kwa kumpitishia mke wangu. Kumzungushia uzi kiganjani lilikuwa jambo ambalo hata kulisema ni aibu. Mke wangu naye hakutaka kumpima, maana mama yake angeuliza sababu, na hatukutaka ajue kabla hatujajua kama nitaweza.

Ila kila mwaka kabla ya mavuno mama mkwe alisiriba upya ukuta wa jiko lake kwa udongo. Alimalizia kwa kiganja, na mwaka ule, kwa sababu vidole havikuweza kulainisha vizuri, aliacha alama ya mkono mzima karibu na mlango, vidole vitano na kiganja. Siku aliyokwenda mtoni nilikwenda na kijiti changu cha wavu nikaipima. Upana wa kiganja penye viungo ulikuwa alama nne za kijiti. Nikazidisha kwa mbili, mbele na nyuma. Kila alama ilichukua vitanzi sita, kwa hiyo hesabu ilinipa vitanzi arobaini na nane, kumi na sita kila sindano.

Nilifuma kazini, baiskeli zikiwa zimepungua. Maneno niliyapata ya kutosha. Dereva wa lori la kahawa aliyeleta gurudumu lililopinda alisimama akanitazama muda mrefu.

"Fundi, mimba ina miezi mingapi?"

"Ya nani?"

"Yako. Nimeona mama mjamzito akifuma. Mwanaume mwenye ndevu sijaona."

"Watu wa ziwani ndio walivyo," mwenzake akasema. "Wakikosa samaki wanavua kondoo."

Niliwaacha wacheke. Nilikuwa nimefika kwenye tundu la kidole gumba, na hapo mtu hahesabu akizungumza. Ni sehemu rahisi ukishaijua: badala ya kuzunguka, unafuma kwenda na kurudi kwa mistari kumi na minne, unabaki na mwanya, kisha unaunganisha tena na kuzunguka kama mwanzo. Chini, kwenye kifundo cha mkono, nilifuma vitanzi viwili mbele na viwili nyuma, mfululizo, kwa sababu mpangilio huo hujibana wenyewe kama mpira wa soksi. Juu, chini kidogo ya pale vidole vinapogawanyika, mizunguko sita ya namna ileile, kisha nikafunga kwa ulegevu.

Jozi ya kwanza ilimfikia siku mbili kabla ya mchumo wa pili. Mke wangu aliipeleka. Jioni alirudi nayo mkononi.

"Haikuingia," alisema. "Imekwama kwenye viungo. Amejaribu mpaka machozi yakamtoka, lakini hakutaka nione."

"Amesema nini?"

"Ameuliza saizi umeipata wapi. Nikamwambia ukweli. Amecheka, baba watoto! Anasema, mwambie mkwe, aliyepimwa ni ukuta, basi akauvishe ukuta."

Nilikaa na daftari. Kosa lilikuwa tena la mtu wa nyavu. Wavu hauna unene. Ukijua upana wake umejua kila kitu. Mkono una unene, na alama ya ukutani haiuonyeshi. Tena udongo ukikauka hunywea, nilikuwa nimeona nyufa na sikuzihesabu. Na juu ya yote alisiriba mchana, viungo vikiwa vimelegea kwa jua, wakati glavu ingevaliwa alfajiri vikiwa vimevimba. Makosa matatu katika kipimo kimoja. Kwenye mchumo wa pili mama mkwe alichuma mikono mitupu na hakufikisha hata nusu ya kikapu. Ilibaki wiki mbili.

Jumatano iliyofuata nilipita pale kuwapelekea chumvi. Mama mkwe alikuwa ameketi mbele ya jiko akichambua maharage. Nilisalimia, akaitikia, akaendelea kuchambua. Kisha akasema, akielekeza maneno yake kwenye maharage, "Kuna kitu kwenye kigoda pale. Mtu akikiona chake, akichukue."

Ilikuwa kamba ya mgomba, nyembamba, imeviringishwa. Ilikuwa na mafundo mawili. Nilisimama nayo nisielewe.

"Fundo la karibu ni hapa," alisema, bado akitazama ungo, akajigusa kifundo cha mkono. "La mbali ni hapa." Akagusa viungo vya vidole. "Nimejifunga alfajiri, kabla sijawasha moto."

"Asante, mama."

"Na mkwe."

"Naam, mama."

"Hiyo rangi ni ya panya. Lakini usibadilishe. Panya hashikwi na baridi."

Nilijua kamba. Kutoka kwenye kamba hiyo nilipata kila kitu ambacho ukuta haukuwa umeniambia: vitanzi arobaini na nane kwenye kifundo, vikiongezwa polepole mpaka sitini penye viungo, ishirini kila sindano. Nilifumua jozi ya kwanza yote na kuanza upya kwa uzi uleule. Mara moja nilikosea kuunganisha mzunguko, vitanzi vikiwa vimejisokota juu ya sindano, na nilikuwa nimefuma urefu wa kidole kabla sijaona kwamba bomba langu limejipinda kama mnyororo ulioruka gea. Kosa hilo halirekebishiki. Nilifumua, nikaanza mara ya tatu. Dereva wa lori alipita tena, akauliza kama mtoto amezaliwa. Nikamwambia ni mapacha.

Siku ya mchumo wa tatu nilifunga benchi na kwenda kusaidia. Ukungu ulikuwa umekaa bondeni na majani yalikuwa yanadondosha maji. Mama mkwe alifika na kikapu chake, amejifunga kanga mbili, na mikononi alikuwa na zile glavu za rangi ya panya, ncha za vidole zikitokeza.

"Mama umevaa soksi mkononi?" shemeji aliuliza.

"Na wewe umevaa viatu miguuni. Nimekuuliza?"

Alianza mwanzo wa mstari wake. Mimi nilichukua mstari unaofuata wake, nyuma kidogo, mahali ambapo adabu inaniruhusu kuwa, nikamwona vizuri. Mwanzoni alichuma polepole. Mara kwa mara alisimama, akaficha ncha za vidole ndani ya kiganja, akazipasha moto kwenye sufu, akazitoa. Glavu zilikuwa zimelowa mgongoni mwa mkono, lakini sufu ina tabia ambayo nailoni haina: ikilowa bado inashika joto. Baada ya kama mti wa nne hakusimama tena. Nilisikia matunda yakidondoka kikapuni, kwanza moja moja, kisha kwa mfululizo kama mvua inayoanza kwenye bati.

Jua lilipotoboa ukungu kikapu chake kilikuwa kimevuka nusu. Shemeji alikuwa akitazama saa yake na kujifanya hatazami. Wanawake walipoita chai kutoka nyumbani, mama mkwe alikuwa kwenye mti wa kumi na moja. Kikapu kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni, kikipungua labda upana wa vidole viwili upande mmoja.

"Hakijajaa, mama," shemeji alisema.

"Chai haijanywewa."

Akachuma tawi moja la mwisho bila haraka, akijaza ule upande, huku sisi sote tumesimama. Shemeji alipiga goti, akazamisha mkono ndani ya kikapu mpaka kiwiko, akatoa konzi kutoka chini, akaitandaza kiganjani. Yote mekundu. Akazamisha tena upande mwingine. Yote mekundu, na vikonyo vilikuwa vimebaki mitini.

Kisha akainua kikapu cha mama yake begani mwake.

"Mstari wako uliobaki nani atakumalizia?" aliuliza.

"Nitamaliza mwenyewe baada ya chai. Wewe katazame kuku."

Tulikunywa chai na viazi vitamu. Mama mkwe alikuwa ametundika glavu zake zikauke juu ya jiwe la jiko, na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa.

Aliendelea kuchuma mstari wake misimu saba baada ya ule. Jozi nilimfumia mpya kila baada ya misimu miwili, kwa kamba ileile ya mgomba, ambayo niliihifadhi ndani ya daftari mpaka ikawa nyeusi. Alama ya mkono wake ukutani haikusiribwa tena. Kila mwaka alipopaka udongo aliizunguka.

Wiki moja baada ya mchumo ule wa tatu nilifika kwenye benchi asubuhi nikakuta mfuko wa nailoni umening'inizwa kwenye usukani wa baiskeli moja. Ndani mlikuwa na sweta la mtumba la kahawia, sufu tupu. Mtu alikuwa amechoma kiuzi chake pembeni kuhakikisha. Chini yake kulikuwa na kamba ya mgomba yenye mafundo mawili. Niliipima kwa kijiti changu. Shemeji alikuwa na mkono mkubwa. Nilianza na vitanzi sabini na viwili.